Buto ya Pompi na Mukono wa Kaka Yangu

Kwa muda murefu nilikuwa nasafiri na bido ya esansi, lile dumu la plastiki, ku magoti. Si maziwa, si mafuta ya mawese. Esansi, ile ya gari, inayowaka.

Gari yetu ni jeep ya zamani, bwana yangu anaipenda kuliko viatu vyake vya kanisa. Tunabeba ndani yake maziwa na fromaji, yaani jibini, kutoka kwetu huku juu ku milima ya Masisi mpaka Sake. Lakini pompi yake ya esansi, ile ya chuma inayosukumwa na motere, injini yenyewe, ilikuwa imechoka. Tukipanda mulima, inapata joto, esansi inachemka mu bomba, motere inakohoa, inazima. Bwana yangu alijaribu kuifunika na kitambaa chenye maji. Alijaribu kuifunga na ganda la mugomba. Mwisho akafanya vile mashoferi wengi wa huku wanafanya: akaweka esansi mu bido, akatoa tiyo moja, bomba nyembamba, mu bido mpaka ku karibirateri, kinywa cha motere, na bido ikatafutiwa mahali pa kukaa. Mahali penyewe palikuwa mimi.

"Inua kidogo, Mama," alikuwa ananiambia tukifika ku mupando.

Kwa sababu esansi haipandi yenyewe, inashuka tu. Mulima ukisimama, mimi nainua bido mpaka karibu na kidevu. Wamama wengine wanafika ku soko na harufu ya moshi ao ya samaki. Mimi nilikuwa nafika Sake na harufu ya stasio ya esansi. Siku moja mama mumoja, mukiliya wetu anayenunua kila mara, alinusa kipande cha fromaji, akaniangalia juu mpaka chini: "Mama, hiyo ng'ombe yenu inakunywa nini?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini hasira ya lile neno nilirudi nayo mpaka nyumbani, na bwana yangu alikula chakula baridi ile magaribi.

Muntu mumoja tu hakuwa anacheka habari ya ile bido. Ni kaka yangu.

Kaka yangu mukubwa anaishi kwetu, mu chumba cha nyuma, tangu mikono yake iliungua. Alikuwa shoferi, na si shoferi wa kubahatisha. Masisi, Walikale, mpaka njia ya Pinga wakati gari ilikuwa inaweza bado kupita, alijua kila daraja na tabia yake. Gari yake ilikuwa na pompi ya umeme, aliifunga yeye mwenyewe: waya moja inatoka ku batri, inapita ku kile kidude cha kuwashia taa ya nyumba, alikipigilia karibu na volani, ule usukani, na inaenda moja kwa moja ku pompi. Unawasha, inavuma. Unazima, inanyamaza. Kila muntu alikuwa anafanya vile na hakuna aliyeona ubaya.

Basi siku moja, mu njia ya Walikale, udongo ulikatika chini ya mataili na gari ikalala ubavu. Motere ikafa palepale. Pompi haikufa. Kaka alitoka kupitia dirisha, na alipokuwa inje njo aliisikia, nguuu, iko inavuma mu nyasi, iko inasukuma esansi mu bomba lililovunjika, juu ya motere yenye moto. Ndani alikuwa amebaki papa mumoja muzee, abiria wake, muguu umebanwa. Kaka akaingiza mikono kutafuta kile kidude. Alikipata, akakizima, lakini moto ulikuwa umeshamutangulia. Yule papa alitoka muzima. Mikono ya kaka haikutoka mizima. Vidole vilikauka, vikajikunja kidogo na kubaki vile. Havifungi, havifunguki.

"Pompi haikujua kama tumeanguka," anasema kila mara muntu akimuuliza. Anasema bila hasira, kama muntu anaelezea mvua ya mwaka jana.

Tangu pale hakupanda tena gari. Pikipiki nayo, lazima ushike, na yeye hashiki. Kutembea kwa muguu, mugongo wake haukubali tena milima. Hivyo akabaki huku kwetu, anachunga ndama, anaongea na ng'ombe kwa adabu kuliko vile anaongea na mimi.

Ana mutoto mumoja, binti. Mama yake alitutoka mapema, mimi njo nilimulea, na kama ana kichwa kigumu, usiulize alikitoa wapi. Alishuka Sake kujifunza kushona, akabaki kule, akapata kijana wa watu, wakapangiwa siku ya kutolewa na siku ya kanisa. Akapiga simu. Hakuzunguka.

"Papa, utakuja?"

Kaka alinisukumia simu na kiwiko.

Lazima nielezee vile tunafanya, juu watu wa mbali hawajui. Siku ya kutoa binti, kuna pale ambapo baba anamushika mukono mbele ya jamaa zote mbili. Wakwe wanakuja kumuomba. Baba anakaza. Wanaomba tena, wamama wanapiga vigelegele, wanaimba, wanamubembeleza, na baba anakaza zaidi, anageuza uso kama hawaoni. Ni muchezo, kila muntu anajua mwisho ataachilia. Lakini ole wake baba anayeachilia mbio! Watamusema mpaka kaburini: alikuwa amemuchoka mutoto wake. Nimeona mababa wakubwa, wenye ng'ombe nyingi, wanaanza na kucheza na wanamaliza na kulia kabisa.

Ile jioni kaka alinionyesha mikono yake, karibu na moto wa jikoni.

"Dada, nitakaza na nini?"

Nilisukuma kuni mu moto.

"Watasema nimemutoa kama muntu anatoa mbuzi ku soko. Na hata nikisema niende, nitafika na nini? Mu ile gari yenu ya bido sipandi. Afazali nibaki. Utanisimamia wewe."

"Mimi niko baba yake?"

"Wewe uko na mikono."

Mimi nikikasirika naongea na vyombo. Ile jioni nilivunja sahani. Sikumukasirikia yeye, maskini. Nilikuwa na hasira na ile moto, na ile barabara, na mutoto wetu akisimama mbele ya watu bila baba wakati baba yuko muzima, anakunywa maziwa huku juu. Nikaingia kwa bwana yangu, nikamuambia: "Papa, unaweka pompi ya umeme mu gari."

Alifurahi kama nimemupa ng'ombe. "Si nilisema zamani! Waya moja tu, nusu siku imeisha!"

Ku mulango, nyuma yetu, kaka alikuwa amesimama. "Waya moja tu," akasema. "Hata mimi nilisema vile."

Bwana yangu akashusha macho.

"Shemeji," kaka akaendelea, "nitapanda kama pompi itajua."

"Itajua nini?"

"Kama motere imekufa."

Hivyo kazi ikaanza. Bwana yangu alishuka Goma kutafuta vitu. Pompi yenyewe, kaka alimuonya asilete ya gari mupya, zile zina nguvu sana, zinaweza kuzamisha karibirateri. Pamoja nayo alitaka mano, kale kadude kanakofungwa ku motere ili kasikie nguvu ya oil, inayosukumwa motere ikizunguka tu. Bwana yangu akarudi na mano ya taa nyekundu, ile ya kawaida, anatabasamu.

Kaka hakuikataa tu, alitaka tuone. Tukaifunga na taa ndogo na batri. Mano haikuwa na oil, haikuwa na motere, na taa ikawaka.

"Unaona? Hii inawasha wakati oil haina nguvu. Motere ikikufa, njo inaamuka. Ukiifungia pompi, umeita moto kwa jina lake. Sisi tunataka ya kinyume: oil ikisukuma, inafungulia pompi umeme. Oil ikilala, inakata."

Bwana yangu akashuka tena. Alinung'unika mpaka kona ya mwisho, lakini alishuka, na alirudi na ile yenyewe.

Sasa, nani atafunga? Kaka ana akili ya kazi lakini vidole havishiki hata bisibisi. Bwana yangu anashika, lakini macho yake ya karibu yameisha, na uvumilivu wake hata haukuanza. Wote wawili wakaniangalia.

"Aaa, hapana," nikasema.

"Unashona," kaka akasema. "Waya ni uzi tu."

Ile asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala ku malisho, ng'ombe zinasikika bila kuonekana. Kaka alikalia kiti kidogo karibu na gari, mikono ku magoti, na akaanza kunituma. Kwanza nitoe muguu wa minus ku batri, mbele ya kugusa chochote. Mbabula ya makaa, ya kupashia chuma cha kusudea waya zishikane, niipeleke kule mbali, upande upepo unatoka, si upande unaenda, harufu ya esansi isiifikie. Bwana yangu alipotaka kuwasha sigara, kaka alimuangalia tu, na sigara ikarudi mu mufuko.

Pompi tuliiweka nyuma, inje, chini ya rezerwari, tanki la esansi, kwa sababu pompi inajua kusukuma, haijui sana kuvuta, na esansi ikivuja afazali ivujie ku udongo kuliko ku miguu ya watu. Minus yake nilifunga ku chasi, lakini kwanza nilikwangua rangi na kutu mpaka chuma ikacheka. Waya ya plus ilitoka ku batri, na mara tu inatoka, karibu kabisa, kaka akataka fizible, kile kiwaya kidogo kinachokubali kufa ili zingine zisiungue. Bwana yangu akasema tuiweke mu kabini, itakuwa rahisi kubadilisha. Kaka akasema hapana: waya ikigusana na chuma mbele ya fizible, fizible italinda nani?

Kisha rele. Kisanduku kidogo cheusi, nilikiogopa. Kaka akanielezea vile unaelezea mutoto.

"Ndani muna mulinzi wa mulango. Umeme mukubwa wa pompi umesimama ku mulango. Umeme mudogo, unaotoka ku kontakti, pale pa ufunguo, na kupita ku mano, njo unamuambia fungua. Umeme mudogo ukikatika, mulinzi anafunga. Haulizi muntu."

"Na wewe ulikuwa huna mulinzi?"

"Mimi nilikuwa njo mulinzi. Na nilikuwa inje."

Pale waya ilikuwa inapita mu tundu la chuma, nilizungusha kamba ya mupira, ile tunakata mu mataili ya ndani yaliyokufa. Chuma ina meno, kaka alisema, na barabara yetu inatikisa kila siku, waya bila nguo italiwa. Mupira njo dawa yetu ya kila kitu huku. Tunafunga nao muzigo ku pikipiki, mulango wa banda, muguu wa kiti, mufuniko wa bido, hata meza ya muchungaji nimeona imefungwa mupira chini ya kitambaa cheupe. Nilikuwa na furushi zima, na lililobaki nilitundika ku musumari.

Mwisho ikaja buto, kitufe cha kubonyeza. Ilikuwa hivi: motere ikiwa baridi, oil haina nguvu, kwa hiyo pompi haipewi umeme, kwa hiyo karibirateri haina esansi, na motere itawakaje? Njo tukaweka buto ndogo chini ya dashibodi, upande wa kushoto wa redio iliyokufa. Iko inaruka mano, inapeleka umeme ku pompi bila kungoja oil.

"Unabonyeza," kaka alisema, "motere inawaka, oil inapanda, unaachilia. Oil inachukua kazi. Ukiachilia, usiogope, imeshawaka. Lakini buto ya kushikwa siku zote si buto tena. Ni ile waya yangu ya zamani."

Jioni binti yake alikuwa anapiga simu, na kaka, ambaye ku simu alikuwa anasema "ndiyo" na "hapana" tu, sasa alikuwa anamuelezea kila waya. Rele ilienda wapi, mano inafanya nini, buto inabonyezwa vipi. Nilikuwa nasikia binti anacheka kule Sake: "Papa, unabonyeza, inawaka, unaachilia. Umeshaniambia!" Na yeye anaanza tena. Nilikuwa nakoroga ugali na nasikia moyo wangu unakuwa mwepesi.

Tulipomaliza, kaka akataka mutihani. Bwana yangu akawasha gari, buto, motere ikashika, akaachilia. Pompi ikaendelea kuvuma nyuma, sauti nyembamba. Kisha kaka akamuambia aiue motere bila kugusa kontakti, aweke vitesi, ile gia ya kwanza, akanyage frein ya kusimamisha, aachilie amburiyaji, pedali ya kushoto. Gari ikaruka kama mbuzi, ikafa. Pompi ikavuma kidogo tu, ikanyamaza. Kontakti bado imewashwa, taa nyekundu inawaka, na nyuma kimya.

Kaka alikuwa ameinama, sikio karibu na rezerwari. Alikaa vile.

"Mara ingine," akasema.

Tukarudia. Kimya. Aliinuka polepole, akaenda mu chumba chake, akarudi na koti lake la zamani, lile la ndoa yake, limekunjwa ku mukono.

"Dada, hii inaweza kupigwa pasi?"

Nikaingia jikoni mbio ili wasinione.

Asubuhi ya safari kulikuwa baridi na mvua nyembamba. Gari ilikawia kidogo, ikawaka. Kaka alikaa mbele, koti limenyooka, mikono imeingia mu mikono ya koti mpaka haionekani. Mimi nilikaa nyuma na masufuria, vikwembe, vile vitenge vya wamama, na fromaji ya wakwe, na ku magoti yangu, Mungu asifiwe, hakukuwa kitu. Bwana yangu alikuwa anaendesha polepole, anapiga muluzi. Tulipita barriere ya kwanza, kizuizi cha barabarani, wenye kuilinda wakamuona kaka na koti, wakasema "Papa, leo umeoa?" na wakatuacha tupite.

Mbele kidogo, ku muteremuko wa udongo mwekundu, kamio moja, lori la muzigo, ilikuwa imekwama na kufunga njia. Wabebaji kutoka upande wa Rubaya walikuwa wanapita pembeni, mizigo ku mugongo na kamba ku paji la uso. Bwana yangu akafrenisha, gari ikateleza kidogo, motere ikakohoa na kufa.

Kukawa kimya. Na mu ile kimya tukasikia: nguuu.

Nilifikiri ni masikio yangu. Nikangoja inyamaze. Haikunyamaza. Nikaangalia kaka kutoka nyuma, nikaona shingo yake imekuwa ngumu. Alijaribu kufungua mulango, kitasa kikamushinda, akasukuma na kiwiko, kikakubali, akashuka. Alienda akasimama ng'ambo ya njia, viatu vya kanisa ndani ya matope, mugongo wake kwetu.

Nikaruka mbele, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Buto ilikuwa imefungwa. Mupira! Mupira wangu mwenyewe, kutoka ku musumari wangu, umezungushwa umezungushwa mpaka buto imezama ndani kama jicho limevimba.

"Papa! Hii ni nini?"

Bwana yangu aliweka mikono ku volani na hakuniangalia. "Asubuhi ilikawia kuwaka."

"Nakuuliza hii ni nini!"

"Niliogopa izime ku mupando. Niliogopa shemeji achelewe ku siku ya mutoto wake. Niliifunga juu yake, Mama. Niliifunga kwa sababu yake."

Nilimutukana. Maneno mengine sitayaandika hapa, mimi ni muntu wa kanisa. Nilimuambia sikio la kufa halisikii dawa, nilimuambia mama yake alizaa jiwe akalivalisha suruali. Wabebaji walisimama na mizigo yao kusikiliza, na mumoja akasema kwa upole: "Mama, leo muko na nguo za furaha, muhurumie." Hapo njo niliona uso wa bwana yangu. Alikuwa amefanya kwa mapendo, na kwa akili ya huku kwetu, kwamba kitu kinacholegea, unakifunga na mupira na unaenda. Hasira yangu haikuisha, lakini ilikaa chini.

Nilitoa kisu mu masufuria, nikakata. Mupira ukaruka, buto ikatoka, na nyuma kukanyamaza.

Nikavuka njia mpaka kwa kaka. Sikumugusa.

"Nilisikia ile sauti na mikono ikaanza kuuma," akasema. "Kama ile siku. Vidole vyote."

"Sikulazimishi," nikasema. "Ukisema tutembee, tutatembea. Nitabeba viatu vyako. Tukifika kesho, tumefika kesho." Na nikaanza kulia, pale mbele ya wabebaji, na rangi yangu ya macho ikashuka mpaka kidevu. Niliogopa kabisa. Niliona siku yote imekatika, na mutoto amesimama kule peke yake na mukono wake umenyooka.

Kaka aliangalia chini ku bonde, pale ziwa linaonekana mbali ukungu ukifunguka.

"Umeikata?"

"Nimeikata."

"Nani atakuwa anabonyeza?"

Bwana yangu alikuwa amefika nyuma yetu. "Mimi, shemeji. Naapa mbele ya..."

"Hapana. Buto ni yangu."

Alirudi, akaingia, akaketi. Akatoa mukono mu koti. Hakuweza kunyoosha kidole, basi akatumia kifundo, kile cha kidole kilichojikunja, akakipeleka polepole chini ya dashibodi mpaka kikapata. Pompi ikavuma. Niliona jasho ku sikio lake. Bwana yangu akazungusha ufunguo, motere ikakohoa, ikashika. Kaka akaacha mukono pale. Bado. Bado. Kisha akauondoa.

Motere iliendelea. Oil ilikuwa imechukua kazi.

"Unisamehe, shemeji," bwana yangu akasema.

"Endesha," kaka akasema. "Mutoto anangoja."

Tukajibana pembeni ya kamio, pale wabebaji walikuwa wanapita, tukaendelea. Gari ilizima tena karibu na daraja moja, na tena mbele ya kuingia Sake. Kila mara ilikuwa kimya kwanza, sisi watatu tunasikiliza, na kaka anasikiliza kuliko sisi. Kisha kifundo, buto, motere, na kuachilia. Mara ya mwisho aliachilia mbio kuliko mimi ningeweza. Hata alisema "haya" kidogo, kama anaongea na ndama.

Nyumba ya wakwe iko upande wa kuelekea Mubambiro, na tulikuta watu wamejaa mpaka inje, viti vya kukodisha, wimbo umeshaanza. Binti alipoona gari alisimama. Alipoona nani anashuka, alisahau adabu ya bibi arusi, akakimbia na viatu virefu, mama mumoja akishika kikwembe chake kwa nyuma. Hakusema kitu. Aliweka paji la uso ku koti la baba yake, akabaki vile, na mimi nikaanza kupigana na masufuria bila sababu.

Saa ikafika. Waliwasimamisha katikati. Kaka alikuwa amerudisha mikono ndani ya koti, na kwa dakika moja nikadhani ataacha vile, atamutoa na maneno tu. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha akatoa mukono wa kuume, ule ule wa buto, ukaonekana mbele ya jamaa zote mbili vile ulivyo, ngozi yake inang'aa, vidole vimejikunja, na kifundo kina alama nyeusi ya ule mupira wa buto. Binti akaweka mukono wake ndani.

Musemaji wa wakwe akaja akaomba. Niliangalia vidole vya kaka. Vilikuwa vimelala wazi, havishiki kitu. Mungu wangu, nikasema, sasa wataona.

Lakini mukono haukutoka. Ni binti njo alikuwa anakaza. Alikuwa amezungusha vidole vyake vyote ku mukono wa baba, amekaza mpaka vimekuwa vyeupe. Wakaomba tena. Akakaza. Wamama wakapiga vigelegele, wakaimba ule wimbo wa kubembeleza, wakamubembeleza baba, na baba anaangalia tu, juu si yeye anayekaza. Muntu akauliza kwa sauti: "Sasa leo anakataa nani, baba ao binti?" Kicheko kikapita mu nyumba yote. Binti hakucheka. Machozi yalikuwa yanashuka mu poda, na alikuwa anatikisa kichwa kwa kweli, si kwa muchezo, na musemaji alikuwa ameishiwa maneno ya kuomba.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, karibu kabisa. Njo maana nilisikia. Kaka aliinama ku sikio lake.

"Achilia, mama," akamuambia. "Imeshawaka."

Binti alitoa sauti moja, kicheko na kilio pamoja. Kidole kimoja kikafunguka, kisha kingine, kisha vyote, na akaenda ng'ambo kwa wakwe kati ya vigelegele. Mukono wa kaka ulibaki pale mbele yake, wazi, vile uko siku zote, na hakuurudisha mu koti.